Bomba Ambalo Sylvère Alisema Atalibadilisha

Kwa miaka tisa Consolate wa Musaga alimwaga ndoo mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kwenda ofisini mjini na jioni akirudi. Ilikaa chini ya lavabo, sinki ya jikoni, kwenye kona ya bomba la maji machafu ambapo mumewe Sylvère alikuwa amezungusha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akavivuta kwa meno, akasema hiyo ni dawa ya muda tu, Jumamosi atabadilisha bomba zima. Ijumaa, mwaka ule wa maandamano, walikuja watu waliovaa makoti ya mvua na jua linawaka, wakampakia kwenye gari lisilo na namba. Tangu hapo hakuna ofisi iliyosema inaye, wala iliyosema haina.

Mafundi hawakukosekana. Musaga ukipiga mluzi mmoja wanatoka watatu. Consolate aliwarudisha wote kwa jibu moja: mwenye kazi hiyo yupo, amechelewa. Wengine walimcheka kichinichini, wengine wakamhurumia, na hao wa huruma ndio walioudhi zaidi.

Jumapili moja baada ya misa akaja Hugues, mdogo wake Sylvère. Akakaa, akazungusha chupa ya bia bila kuinywa, kisha akatoa alilotumwa. Ukoo umekubaliana: tarehe ishirini ni kuganduka, sherehe ya kumaliza msiba. Watu watakunywa, wazee watasema maneno, mjane atavuliwa msiba, na parseli ya Buterere, kiwanja cha Sylvère, itaweza kugawanywa. Wageni ni themanini. Wanawake wataoshea vyombo hapa, na ni aibu wakanyage maji. Kwa hiyo bomba litengenezwe kwanza.

Consolate alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alijua Musaga nzima itakavyolisoma jambo hilo: siku atakayolitengeneza, amekiri kwa mikono yake kwamba Sylvère harudi. Atavuliwaje msiba ambao hajawahi kuuvaa? Alimsindikiza mgeni hadi njiani.

Ila usiku ule kona ilipasuka kabisa, na mfereji wa lavabo hakuwa ameufunga vizuri. Asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye gunia la mchele.

Akaenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji, Raïssa, ni mtu wa mzaha na wote.

"Mama Consolate, leo umechoka kumungoja muzee?" alisema, kisha akaona alichosema, akaanza kupanga misumari isiyohitaji kupangwa.

Consolate aliomba sifoni ya plastiki, ile kona ya kuweka chini ya lavabo, kipande cha bomba na pete mbili za mpira. Alijibiwa kwa adabu nyingi mno.

Nyumbani alilala chali chini ya lavabo. Vipande vya Sylvère havikufunguka, vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja, akavikata kwa kisu. Alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Tope jeusi lilimwagikia mkononi, likanuka mafuta ya zamani, akalifuta. Alikata bomba jipya kwa msumeno, akalainisha ukingo wake. Mara ya kwanza alivalisha pete kinyumenyume, maji yakapenya. Akaigeuza, upande mwembamba ukaingia ndani, akakaza kwa mkono, halafu kidogo tu kwa spana. Alijaza lavabo hadi juu, akaachia maji yote kwa pamoja, akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ilitoka kavu.

Akampigia simu Hugues.

"Shemeji, bomba iko sawa."

Hugues alishukuru Mungu. Akasema basi atawaambia wazee kwamba shemeji yake amekubali.

"Apana. Nimetengeneza juu maji ilikuwa inaharibu muchele. Kuganduka, apana."

"Shemeji, ni miaka tisa. Watu wanachoka."

"Wamechoka na nini? Nani aliwapa kazi?" Sauti yake haikupanda. "Walimuchukua saa ine ya asubuhi. Ulikuwa pale kwenye mlango wako, Hugues. Aliita jina lako mara mbili. We uliingia ndani, ukafunga."

Kwenye simu ilisikika pikipiki ikipita huko aliko Hugues, ikapotea.

"Nilikuwa na watoto ndani," alisema.

"Najua. Sikukuuliza, miaka yote hii. Ila usiniletee bia ya kuganduka. Waliomuchukua waje waniambie walimuweka wapi, nimuzike. Nikimaliza kumuzika, tarehe ya kuganduka nitaichagua mimi."

Hugues alisema Jumapili atakuja na wazee, wamweleweshe.

"Muje," Consolate alisema. "Tutaongea na hiyo ya mlango, wazee wakisikia."

Hugues akasema labda Jumapili hiyo wazee watakuwa na shughuli.