Chumba cha Mbah Kasinem

Jumatatu saa moja asubuhi, Bu Sumarsih aliweka mezani chai ya sukari nyingi na sahani ya fenesi lililopikwa kwa nazi, kisha akamwambia mgeni ambaye hakutaka kumwona tena maishani, "Usiwe na haraka, Bwana Joost. Kaa tu."

Ukuta wa chumba cha mgeni ukasogea sentimita kumi na mbili kuelekea jikoni. Pak Wagiman, mumewe, aliinua sahani yake isidondoke, akaendelea kula.

Katika mtaa huo wa Yogyakarta, Indonesia, mgeni huambiwa "kaa tu" mara tatu, naye mara zote tatu hushukuru na kuaga. Bwana Joost hakuwa na habari hiyo. Alitoka Uholanzi kuja kuzunguka mji kwa siku tatu na kulala kwa wenyeji. Aliambiwa akae, akakaa. Hii ilikuwa wiki ya sita. Kila "kaa tu" isiyotoka moyoni ilikiongezea chumba chake nafasi, na nafasi hiyo ilitoka kwa wenye nyumba. Sebule ilikuwa imebaki na upana wa kiti kimoja, ambacho kilikaliwa kwa zamu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha Mbah Kasinem, mama yake Pak Wagiman. Alizalia humo watoto saba, na alikwisha kutangaza kwamba atafia humo humo. Kitanda alikiazimisha kwa siku tatu. Sasa alilala mkekani kati ya jiko na gunia la mchele, na kifua chake kilikuwa kikikoroma hata akiwa macho.

"Mbah atafia jikoni," alisema Retno, binti yao wa miaka kumi na mitano. "Mama, mwambie aondoke. Neno moja tu."

"Kumfukuza mgeni? Sisi wanyama?"

"Wanyama wana pa kulala."

"Babu zake nao, walipokuja kututawala, walisema wanapita tu," alisema Mbah kutoka nyuma ya gunia.

Adhuhuri Bwana Joost alirudi kutoka kuzunguka kasri la sultani, akiwa na ramani na malalamiko mawili. "Chai ya asubuhi ilikuwa vuguvugu. Halafu huyu bibi anakohoa mno. Hamna pengine pa kumweka?"

Retno alisimama. "Ondoka. Leo hii. Kitanda hicho ni cha bibi yangu."

Ukuta ukarudi nyuma hatua nzima. Mguu wa kitanda ukajitokeza, na Mbah akanyoosha mkono, akaushika.

Bwana Joost alimgeukia mama mtu. "Ni kweli? Niende?"

Bu Sumarsih alikuwa na neno la kweli mdomoni. Wote waliona taya zake zikilitafuna. Kisha akalimeza, akatabasamu.

"Mtoto anatania huyu, msamehe. Kaa tu, Bwana Joost. Hapa ni kwako."

Mtaa haukuwahi kusikia uongo wa ukubwa huo. Mguu wa kitanda ulimponyoka Mbah. Likaenda jiko, ikaenda sebule, likaenda bafu na maji yake. Familia ilijikuta uchochoroni pamoja na mkeka na gunia, na mlango ukajifunga taratibu, kwa adabu.

Majirani walipita wakisema, "Karibuni kwetu, jamani!" huku wakiongeza mwendo. Kuta zao zililialia kidogo.

Kesho yake, saa ile ile waliyotolewa nje, alifika Pak Jumadi, mwenyekiti wa mtaa, na daftari la wageni. Kwa mujibu wa kanuni, mgeni anayepitisha saa ishirini na nne lazima aandikishwe.

"Majina?"

"Pak, unatujua," alisema Pak Wagiman. "Ulikula kwenye harusi yangu."

"Nilikula vizuri. Majina?"

Aliyaandika yote manne. "Mwenyeji wenu?"

Dirisha lilifunguliwa. "Mimi," alisema Bwana Joost.

"Wanakaa siku ngapi?"

Bwana Joost aliwatazama wenye nyumba. Aliyejibu ni Mbah Kasinem, ambaye alikuwa amelala chali mkekani akikitazama kipande cha mbingu juu ya uchochoro.

"Kwangu mimi, andika tatu. Ya nne sitaiona," alisema.

Pak Jumadi akaandika tatu. Bwana Joost, ambaye hatimaye alikuwa amejifunza adabu za mtaa, aliwaambia wasiwe na haraka, wakae tu. Kisha akafunga dirisha, kwa sababu ya kile kikohozi.