Zuri Kuliko Yote

Nilianza kusoma Kiingereza nikiwa na miaka sitini na mmoja, na watu walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Midomo yangu ilizoea kushika pini. Lakini mjukuu wangu amezaliwa ng'ambo, Kiswahili hakijui, na kila Jumapili tukipigiana simu ya video baba yake hukaa katikati akitutafsiria. Nilitaka niongee na mtoto mwenyewe, bila mkalimani.

Jumamosi moja mwalimu, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, alitufundisha kulinganisha. Wanaolinganishwa wakiwa wawili, neno la Kiingereza linapata mkia wake. Wakiwa watatu au zaidi, mkia mwingine.

"Haya mama, tulinganishie watu wa nyumbani kwako. Nani mrefu kuliko wote?"

"Nyumbani niko peke yangu, mwalimu. Mrefu kuliko wote ni mimi, na mfupi kuliko wote ni mimi."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila nilipofika nyumbani hata chai sikuchemsha. Nikafungua daftari la vipimo, nikamlinganisha marehemu mume wangu na watoto alioniachia. Ukurasa wa mwisho alikuwa mjukuu: kifua, kiuno, urefu, vyote vya mwaka juzi walipokuja. Na kwa vipimo hivyohivyo nilikuwa nimemshonea gauni la manjano nikalituma. Fundi mzima, nikasahau kwamba mtoto hukua hata usipomwona.

Jumapili akatokea kwenye simu amelivaa. Limembana kwapani, magoti yako nje. Akamgeukia baba yake, akasema Kiingereza chake taratibu: gauni alilopewa na bibi yule mwingine, mzaa mama, ni zuri kuliko hili. Hili linamuumiza. Je, anaweza kulivua sasa?

"Anasemaje?" nikauliza, na nilikuwa nimesikia kila neno.

"Anasema ndilo zuri kuliko yote, mama. Hataki hata kulivua."

Mwanangu hana kipaji cha uongo. Tangu utotoni akidanganya husugua sikio. Alikuwa akilisugua. Nikajaribu kukumbuka ni Jumapili ngapi nimemwona akilisugua, kisha nikaacha kuhesabu.

"Mwambie bibi amefurahi sana," nikasema. "Na umpime upya, unitumie vipimo."

Jumamosi iliyofuata sikwenda darasani. Mwalimu alipopiga simu nikamwambia anisamehe, kichwa changu kigumu, Kiingereza hakiingii.