Uzi Mwekundu kwenye Mrija

Mbele ya chungu cha pombe ya kimpumu, Adolfu hakujua kunyamaza. Maji ya moto yakishamiminwa juu ya ulezi uliochachuka na mirija ikianza kuhama mdomo hadi mdomo, utani wake uliwahi kulewesha watu kabla ya pombe yenyewe. Ndiyo maana Jumapili moja alipofunga uzi mwekundu kwenye mrija wa dada yake, Kalista, wote walicheka.

“Ili usipotee, dada.”

Kalista, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amepewa majibu ya damu wiki ileile. Alinyonya mara moja tu, akauchomeka mrija ukutani. Toka Jumapili ile hakukaa tena chunguni.

Mwezi wa tatu tangu hapo, Debora, binti wa mama yao mdogo, akaja Sumbawanga likizo. Alikuwa akisomea udaktari Dar, na vumbi la barabara ya Tunduma lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

“Kwenye seli zetu mna askari,” aliwaambia chunguni. “Ni protini. Kirusi cha UKIMWI kikizaliana, askari anajipenyeza ndani ya vile vitoto, anakwenda kuvuruga maandishi yao ya urithi. Vikifika seli nyingine, havifai kitu.”

“Sasa mbona tunazika kila wiki? Askari kalewa?”

“Kirusi nacho kina protini yake, kaka Adolfu. Haipigani na askari. Inamnasa, inampachika alama ya vitu vya kutupwa. Seli ikiiona alama, inamsaga askari wake yenyewe.”

“Kumbe kapunguzwa kazi!” Adolfu akadakia. “Kama mzee Yunusu, shirika lao lilipobinafsishwa. Barua mkononi, huyoo, getini!”

Watu wakacheka, ila si Debora. Alikuwa anatazama ukutani.

“Ule mrija wenye uzi ni wa nani?”

“Wa dada,” Adolfu alisema. “Mimi ndiye niliyeufunga uzi, wengine wasiunyonye.”

“Mate hayaambukizi, kaka,” Debora alisema taratibu.

Adolfu akauchomoa mrija, akaukata uzi kwa meno. Akabeba chungu kizima, viganja vikiungua, hadi chumbani kwa Kalista. Alitaka kitu kimoja tu: dada yake anywe naye tena.

“Hamjambo huko nje?” Kalista aliuliza. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba.

“Hatujambo, dada. Nimekuja tunywe.” Akanyonya mrija ule, akampa.

Kalista akaugeuzageuza. “Uzi uko wapi?”

“Nimeutupa. Ulikuwa ujinga wangu.”

“Umeunyonya mwenyewe? Adolfu! Tema! Nimekulea ili nije nikuue?”

“Debora anasema…”

“Debora ni mtoto.” Akachomoa uzi kwenye pindo la kanga, akajaribu kuuzungusha kwenye mrija. Mara ya kwanza uzi ukateleza. Mara ya pili ukateleza.

Adolfu akatafuta utani, hata mmoja. Hakuupata.

“Nisaidie, mdogo wangu,” Kalista akamnyooshea uzi. “Fundo lako lile lilikuwa zuri.”

Chungu kikapoa katikati yao. Mwishowe Adolfu akaupokea uzi, akafunga.