Msafara wa Miguu Ishirini na Miwili

"Hakuna barua ya Kiingereza itakayonishinda mimi," alisema Mbaruku, "labda iwe imeandikwa na mtu asiyejua Kiingereza."

Aliyasema hayo ofisini Bagamoyo, asubuhi ya Jumatatu, miaka ile ya hamsini na kitu, mbele ya watu wanne na paka mmoja, na wote walimwamini isipokuwa paka. Mbaruku alikuwa ametoka sekondari na mashati mawili meupe, kalamu moja ya wino, na ulimi usiojua kupumzika. Kwa miezi mitatu kasoro siku nne alikuwa karani wa majaribio. Ijumaa ya wiki ile Mzee Mwinjuma, karani mkuu, angeandika mstari mmoja tu juu yake: anafaa, au hafai. Akifaa, kiti ni chake. Asipofaa, arudi kwao Fukayosi, ambako baba yake alishamtengea kazi ya kufukuza nyani kwenye mihogo. Kazi hiyo haitaki Kiingereza. Nyani wa Fukayosi wanaelewa mawe tu.

Barua yenyewe ilitoka Dar es Salaam. Mzee Mwinjuma aliisukuma mezani kwa kidole.

"Isome, mwanangu, halafu utueleze. Taratibu."

Taratibu ndiyo somo pekee ambalo Mbaruku hakufundishwa. Macho yaliruka mistari, yakatua kwenye neno "karavani", na kifua kikajaa. Hilo alilijua! Muhula mzima walisomeshwa habari za Bagamoyo ya kale, na karavani ilikuwa ndiyo misafara ile ya wapagazi waliotoka bara na mizigo kichwani. Alipata alama za juu kuliko wote. Mbele ya neno hilo paliandikwa 22, kisha neno la miguu, ambalo kwa seremala lingekuwa futi. Lakini huyu si seremala. Huyu ana msafara, na msafara una nini kama si miguu?

"Ni msafara, Mzee. Kuna Mzungu anakuja na msafara, Alhamisi mchana."

"Msafara? Zama hizi?"

"Ndivyo alivyoandika. Msafara wa miguu ishirini na miwili."

Mzee Mwinjuma alivua miwani. "Kwa nini anahesabu miguu?"

"Wazungu hao, Mzee. Ng'ombe wanawahesabu kwa vichwa, wapagazi wanawahesabu kwa miguu. Gawa kwa mbili, unapata watu kumi na mmoja. Na kilema hayumo, maana hesabu imetoka shufwa."

Haji na Sadallah, mahamali wa ofisi waliokuwa wamesimama mlangoni, walitikisa vichwa kwa kustaajabia elimu.

"Wanataka nini kwetu?"

"Mahali pa kulala usiku mmoja, pasiwe na mteremko. Maji. Na mahali pa kumwaga..." Hapo Mbaruku alikwama kidogo. Kumwaga nini? Msafara humwaga nini? Ukimya ulipotaka kurefuka, akaupiga teke. "Pa kushushia mizigo."

Basi ikawa shughuli. Ule uwanja wa kuta nne, ambao zamani wapagazi walikuwa wakifikia, ulifagiliwa mpaka ukaona haya. Vikaazimwa vitanda kumi na kimoja vya kamba, vya teremka-tukaze, kutoka nyumba kumi na moja, kila kimoja na kunguni wake wa ukoo. Bi Mwajabu, mpishi wa shughuli zote za mji, aliambiwa apike pilau ya watu waliotembea kutoka Dar es Salaam, naye akapika kama mtu aliyetukanwa. Haji na Sadallah walipewa kata mpya za kujitwishia mizigo. Kila aliyempita Mbaruku njiani alimwita "Bwana Msafara", naye aliitika.

Alhamisi asubuhi, kwa raha zake, aliitoa ile barua aisome tena kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Mara hii alisoma taratibu. Mstari wa chini kabisa ulisema: *Sisi ni wawili tu, mimi na mke wangu.*

Aliusoma mara tatu. Wawili. Miguu minne. Alijaribu kujifariji kwamba labda wapagazi hawakuhesabiwa kuwa watu, lakini kama hawakuhesabiwa, ile miguu mingine kumi na minane ni ya nani?

Akaondoka mbio kwenda kwa Mzee Mwinjuma aseme kweli, na kweli ilikuwa mdomoni kabisa, imeshavaa viatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Nimeamka na furaha leo. Niseme nisiseme, ofisi hii haijapata kijana kama wewe. Kesho nitakuandikia mstari mzuri. Enhe, ulikuwa na neno?"

"Nilikuja... kukusalimu."

"Mungu akubariki."

Kweli ikavua viatu, ikarudi kulala.

Saa nane mchana watu wa njia kuu walipiga kelele, na msafara ukaingia. Lilikuwa lori. Nyuma ya lori, pale panapokaa mchanga au magunia, palikuwa na nyumba: ina kuta za mbao zilizopakwa rangi ya maziwa, ina madirisha yenye mapazia ya maua, ina mlango na ngazi, na juu ya paa ina bomba la jiko. Ndani yake walikuwamo Mzungu mmoja mrefu, mwekundu kwa jua, na mkewe aliyevaa kofia ya ukindu. Basi.

Lori lilielekea kwenye lango la ule uwanja, likasimama. Lango lilijengwa kwa watu na punda. Yule Bwana wa Kizungu alishuka, akalipima lango kwa mikono, akalipima gari kwa macho, akatikisa kichwa. Alipojaribu kugeuza, gurudumu la nyuma likazama kwenye mchanga na ile nyumba ikainama upande mmoja. Ndani, vyombo vilisikika vikihama kabati.

"Zungumza naye," alisema Mzee Mwinjuma.

Mbaruku alisogea. Yule Bwana alimshika mkono kama mtu aliyeona ndugu. Alisema, kwa Kiingereza cha kuchoka, kwamba tangu wametoka Dar es Salaam hawajapata pa kusimama. Dar polisi waliwaambia sogeza, wakasogeza, wakaambiwa sogeza tena. Kerege walisimama waombe maji, watu wakadhani ni gari la dawa, wakajipanga foleni wachomwe sindano, na mzee mmoja alikataa kuondoka mpaka achomwe. Tangi halina hata tone. Hawataki kitanda wala chakula, vyote wanavyo. Wanataka ardhi iliyo sawa, maji, na mahali pa kumwaga.

"Na ile ishirini na mbili?" Mbaruku alinong'ona, kama mgonjwa anayemuuliza daktari. "Ishirini na mbili ya nini?"

Bwana alilipiga gari kofi ubavuni kwa fahari, akamwonyesha: kuanzia taa za mbele hadi bampa la nyuma. Hiyo ndiyo karavani yake, nyumba ya kusafiria: futi ishirini na mbili. Alilijenga mwenyewe.

"Anasemaje?" Mzee Mwinjuma aliuliza kwa nyuma. Nyuma yake alikuwa Bi Mwajabu na mwiko wake, na nyuma ya Bi Mwajabu wenye vitanda.

Mbaruku aliwatazama wote. Mstari mzuri wa kesho aliuona ukianza kufutika, herufi moja moja.

"Anasema... wenzake wako nyuma. Wanakuja kwa miguu."

"Wote tisa?"

"Wote tisa, Mzee. Yeye ametangulia na... na jiko."

Wakati huohuo mlango wa nyumba ulifunguka na yule Bibi akashuka ngazi, ameshika kwa mikono miwili ndoo kubwa ya bati yenye kifuniko. Haji, ambaye tangu asubuhi alikuwa anangojea mzigo, alimwendea mbio, akapiga goti kwa adabu, akaipokea. Bibi alisita, akamtazama mumewe. Haji hakusita. Aliweka kata, akajitwisha.

"Peleka ndani, kwenye kivuli," alisema Mzee Mwinjuma. "Weka karibu na pilau, mbwa wasifike."

Mbaruku alimrukia Haji mbele.

"La! La, Mzee! Huo ni mzigo wa kukaa nje. Unataka hewa."

Haji alisimama katikati ya njia, shingo imenyooka, macho yakizunguka. "Mbaruku ndugu yangu, mzigo huu unacheza ndani."

"Usiutikise."

"Siutikisi mimi, unajitikisa. Halafu unanuka."

"Ni dawa. Dawa ya Kizungu."

Haji alivuta pumzi moja ya uchunguzi. Aliinama polepole kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, akaitua ndoo chini, akarudi hatua tatu.

"Kama ni dawa," alisema, "kainywe."

Watu walicheka, isipokuwa wawili. Mzee Mwinjuma hakucheka kwa sababu alikuwa anaitazama ndoo, halafu Mbaruku, halafu ndoo. Macho yake yalikuwa yanafanya hesabu.

"Mahali pa kushushia mizigo," alisema taratibu.

"Kiingereza kina mafumbo, Mzee."

"Nakiona. Sasa chukua baiskeli ya ofisi, ukawapokee wale tisa. Ni wageni, hawajui njia, na jua linakwenda. Usirudi bila habari zao."

Mbaruku alipanda baiskeli. Mpaka mwisho wa mji alikanyaga kwa nguvu, maana alikuwa anatazamwa. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumtazama, na hakukuwa na wa kumpokea. Kwenye kile kidaraja kinachovuka kijito nje ya mji aliilaza baiskeli majanini, akakaa, akavua kofia, akaanza kujipepea. Alitazama barabara ya Kerege kwa muda mrefu sana. Alifikia hatua ya kuomba kwamba watu tisa, wowote tu, hata wezi, watokeze kwenye kona wakija kwa miguu.

Alijiambia arudi akaseme kweli. Kisha akaisikia kweli ilivyo inaposemwa: *Mzee, sikusoma barua mpaka mwisho.* Aliwaona nyani wa Fukayosi wamejipanga juu ya mti, wanamkaribisha. La. Wale tisa wamechoka. Wamelala Kerege. Kesho asubuhi wataghairi, watarudi Dar, nani atawaulizia? Na kesho mstari utakuwa umeshaandikwa. Uongo ulikuwa mzuri, una miguu yake kumi na minane, ulibaki kutembea tu.

Basi la jioni lilimpita likitokea Dar, likimwaga vumbi. Mtu fulani dirishani alipunga mkono, naye kwa mazoea akapunga. Alingoja kidogo, ili muda uwe wa kuaminika. Alishuka kijitoni, akalowesha shati kifuani na makwapani lifanane na jasho la safari, akajipaka vumbi miguuni, akarudi mjini anahema.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa lile gari. Halikuwa tena langoni. Lilikuwa limesimama kando ya uwanja wa mpira, pakavu, pamenyooka kama meza, hatua chache kutoka kisimani. Yule Bibi alikuwa ameanika nguo, na Bwana alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevua viatu, uso wa mtu aliyesamehewa. Nyuma ya minazi Sadallah alikuwa anafukia shimo.

"Nani kawaleta hapa?" Mbaruku alimuuliza Haji.

"Mimi. Tulilisukuma likatoka mchangani, yule Bwana akanichorea chini kwa kijiti. Pamenyooka, kisima, shimo. Vitu vitatu tu, ndugu yangu. Imechukua muda wa kuvuta sigara mbili." Haji alimtazama shati. "Wewe umetoka jasho kwa mpango. Nenda, Mzee anakungoja."

Mzee Mwinjuma alikuwa barazani. Pembeni, juu ya mkeka mrefu, abiria walioshuka kwenye basi walikuwa wanakula pilau ya Bi Mwajabu, wamekunja mikono ya nguo, hawana habari na dunia. Mbaruku aliona ajabu kidogo kwamba chakula cha wageni kinaliwa, lakini maneno yalikuwa yameshamjaa mdomoni, hayakutaka kungoja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pole na safari. Umefika wapi?"

"Kerege, Mzee. Kerege kabisa."

"Umewaona?"

"Nimewaona kwa macho yangu. Tisa. Wamechoka, masikini, mmoja kavimba kisigino. Wameomba radhi sana. Watalala palepale Kerege, kwa... kwa jumbe wa pale. Nimeketi nao, tumekunywa chai."

"Chai na nini?"

"Na muhogo."

Mzee Mwinjuma alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza kisa kitamu. "Bi Chausiku," alisema bila kugeuka, "hebu msalimie kijana wangu. Bi Chausiku ni mtu wa Kerege, nyumba yake iko pale basi linaposimama. Ameshuka sasa hivi."

Mwanamke mmoja mnene, kanga mabegani, aliinua uso kutoka kwenye sinia. Alimtazama Mbaruku, akatafuna, akameza. Alikuwa na uso wa upole kabisa.

"Huyu tumeshasalimiana, Mzee," alisema. "Mwanangu, si wewe uliyekuwa umekaa pale kidarajani, baiskeli umeilaza, unajipepea kwa kofia? Mimi nikakupungia, na wewe ukanipungia."