Ubeti wa Saba

Tulikuwa tumeufikia ubeti wa sita, na bonge langu la nyama lilikuwa ndani ya oveni tangu saa tatu asubuhi.

"Yupo mtu mmoja," alisema Ndugu Pruitt, mchungaji wetu, mkono ameunyoosha. "Namhisi. Yupo humu ndani anashindana na Bwana. Hatutaondoka bila yeye. Tuimbe tena."

Tukaimba tena. Floy Hatcher akakirudisha kinanda mwanzo. Vichwa vimeinama, macho yamefumbwa, ndiyo desturi ya mwito wa kutubu: asiwepo wa kumkodolea mwenye dhambi anapojikokota kwenda mbele. Nje magari ya Wamethodisti yalikuwa yakipita. Wao Mungu wao aliwaruhusu saa sita kamili.

Nilinusa nyama ikiungua. Najua nyumbani ni maili mbili, lakini niliinusa. Na mama mkwe alikuwa anakuja kula, yule yule aliyeniambia siku ya Krismasi, mbele za watu, "Oleta mwanangu, hii nyama yako mtu angeshonea soli ya buti."

Mwanawe, Hoyt, ndiye mume wangu. Miaka minane alinileta mpaka mlangoni pa kanisa letu la Dry Fork kila Jumapili, kisha akaketi ndani ya pikapu yake, kioo amekishusha kidogo, akivuta sigara na kunisubiri. Alirudi kutoka vita vya Korea na jambo ambalo hakupata kulisema. "Mimi na Mungu tunajuana," alikuwa akiniambia. "Hatusemeshani tu." Nilimwombea mpaka magoti yakaota sugu. Sikutaka kingine duniani ila nimwone mtu huyu anatembea kwenda mbele.

Basi Februari ile hita ya pikapu ilikuwa imekufa tangu Krismasi, barafu imeganda kiooni, na Hoyt akaingia. Aliketi benchi la nyuma kabisa, kofia magotini. "Usifurahi bure," alininong'oneza nilipokuwa nampita kwenda kwenye benchi langu la mbele. "Nimefuata joto la jiko lenu, sikufuata mahubiri."

Mwanamke mwenye akili zake angejua mtu yule mmoja ni nani. Mimi nilikuwa nawaza karoti zilizo ovenini na nyama.

Ulipoanza ubeti wa saba nikasema moyoni: anatafutwa mtu mmoja, haya, mtu ndiye mimi. Nikatoka benchini, nikaenda.

Ndugu Pruitt alinishika mikono yote miwili. Tumbo lake lilinguruma, nililisikia. "Dada Oleta, Bwana amekwambia nini?"

Sikuwa nimejiandaa. "Ubaridi wa moyo," nikasema.

"Wapendwa! Dada Oleta Stallings ameungama ubaridi wa moyo!"

"Amina!" wakaitikia, upesi kuliko nilivyopenda. Akamwashiria Floy akome, akaomba ombi fupi ambalo mfano wake sijapata kuusikia tena kwake. Wiki nzima akina mama waliniletea mapai, wananipapasa bega: "Tulikuwa tunauona, mpenzi. Tulikuwa tunauona huo ubaridi."

Njiani Hoyt aliendesha polepole kuliko kawaida yake.

"Umetembea vizuri," alisema mwishowe. "Nilidhani kule mbele ni mbali zaidi."

Nikacheka. "Kanyaga mafuta, bwana wee! Mama yako yuko njiani."

Nyama haikuungua. Ilikuwa laini, mchuzi umekolea, mama mkwe akajiongeza mara mbili. Ingeweza kukaa nusu saa nyingine isipate dhara lolote.

Hita ile nilikuwa nimemsihi aitengeneze tangu Krismasi. Aliitengeneza Jumatano ile ile. Jumapili iliyofuata akabaki garini, na iliyofuata, na zote za miaka ishirini na miwili, mpaka siku aliyoingia kanisani amebebwa na watu sita.

Baada ya mazishi Floy alibaki jikoni kwangu kuosha vyombo. Mpiga kinanda, jueni, hafumbi macho. Lazima amtazame mchungaji ajue kama anaendelea au anakoma.

"Oleta, nimelibeba hili siku nyingi," akasema, mgongo amenipa. "Siku ile ya ubaridi wa moyo, Hoyt alikuwa amesimama. Mguu mmoja ulishatoka kati ya mabenchi. Kofia alikuwa ameiacha benchini. Akakuona wewe uko mbele, Ndugu Pruitt anafunga kwa maombi. Akasimama vile kidogo, kama mtu aliyempisha mwenzake mlangoni, mlango ukafungwa. Kisha akaketi."

Sufuria niliyokuwa nafuta niliifuta mpaka ikakauka, nikaendelea kuifuta.

"Kwa nini hukuendelea kupiga, Floy?"

"Si niliashiriwa nikome." Maji yalikuwa yanamwagika bure. "Na mimi nilikuwa na kuku jikoni."

Siku hizi tuna mchungaji kijana, mtu wa haraka. Beti mbili, amina, kwaherini. Watu huvaa makoti, mimi hubaki nimesimama, nikiziimba zilizosalia kwa sauti hii yangu ya mlango usiotiwa mafuta, macho wazi, nikitazama benchi la nyuma. Wajukuu huja kunivuta gauni.

"Bibi, nyama!"

Najua. Naisikia harufu. Siku hizi huungua kweli, tukaikwangua masizi, tukaila hivyo hivyo.