Wasifu wa Mbugua kwa Lugha Mbili

Kamati ya mazishi ilikutana Makongeni ikagawana kazi: tenti, chakula, gari la kubeba mwili. Wasifu wa marehemu Mbugua ukamwangukia dada yake, Wangeci. Mwenyekiti, Mzee Kinyanjui, alitaka uandikwe kwa Kiingereza, maana programu za mazishi ya watu wenye heshima zao huandikwa hivyo, na kwa Kireno pia, kwa ajili ya Lurdes, mjane aliyekuja na maiti kutoka Beira.

"Wewe ndio ulikaa Maputo," akamwambia. "Hiyo kazi ni yako, na itoke safi."

Ni kweli alikaa Maputo, akiuza vitenge. Kireno chake kilijua kupatana bei na kutafuta nyumba ya kupanga, kuomboleza hakikufundishwa. Kiingereza nacho, alichokisomea mpaka chuo, kilimletea yale maneno ya kila programu, ambayo ungeyabandika chini ya picha ya maiti yeyote. Aliandika, akafuta. Mshika mbili moja humponyoka, lakini Wangeci zilimponyoka zote, uchungu wenyewe ukabaki haujaandikwa.

Alipokwama akamwendea Lurdes. Lurdes akamsimulia jinsi Mbugua alivyougua, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa akimwita mama yake tu. Wangeci akalia. Akajaribu kulitia hilo kwenye Kiingereza, likatoka kama ripoti ya daktari. Kinyanjui naye akasema nafasi imekwisha, bado kuna shule, kazi na ubatizo. Basi akaliacha.

Siku ya mazishi akasoma kwa Kiingereza, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akasoma kwa Kireno, ulimi ukawa mzito, akaruka mistari. Mama yake alikaa mbele, programu mapajani, macho kwenye jeneza. Mama huyu alijua Kikuyu na Kiswahili cha mitaa ya Jogoo Road, basi. Katika kamati nzima hakuna aliyemkumbuka, hata binti aliyemzaa mwenyewe.

Walipokuwa wakitoka makaburini Lang'ata, mama akamshika Wangeci mkono. Akamuuliza mke wa Mbugua alimwambia nini juu ya mwisho wa mwanawe.

"Alikuwa anakuita, Mama." Kwa Kikuyu maneno yalimtoka bila shida yoyote.

Mama akasimama. Nyuma yao vijana walikuwa bado wanasawazisha udongo.

"Na mmekaa nalo mpaka amefukiwa," akasema. "Mimi ningemwitikia."