Mkeka Mlangoni kwa Winnie

Tusidanganyane: mdomo wa Evelina haukuwa na breki. Jumuiya yake yote ya kanisa pale mtaani Igogo ilimjua hivyo, na ilimchagua kuwa mwenyekiti hivyo hivyo, kwa sababu mama huyo akisema kesho tunakwenda kumwona mgonjwa, hata mvivu alivaa viatu.

Jumatano hiyo alikwenda peke yake kwa Winnie, jirani yake wa nyumba ya tatu, kule juu kwenye mawe. Winnie alikuwa amejifungua Jumapili, mtoto wa kike, mzuri, viungo vyote kamili, ila hakulia. Venant, mumewe, alikwenda na wanaume wawili kumzika, wakarudi, na hakuna aliyetandika mkeka. Ndivyo mtaa ulivyozoea: mtoto ambaye hakuvuta pumzi hawekewi msiba. Watu hunyamaza, na mama naye hunyamaza. Huyu alinyamaza kupita kiasi. Venant alimwambia Evelina mlangoni kwamba tangu Jumapili mkewe hajatia kitu kinywani wala hajadondosha chozi, na nesi ameonya kwamba asipokula atalazwa.

Evelina akaingia na uji wake wa ulezi. Winnie akamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, kisha akageukia ukutani. Ukimya ule ukamshinda Evelina, akafungua mdomo.

"Usijali, mwanangu. Wewe bado kijana. Mungu atakupa mwingine."

Winnie aliinuka taratibu, akaufungua mlango. "Mama, sitaki mwingine. Naomba uende."

Evelina akajikuta nje, uso umemshuka, akitamani ardhi immeze. Jamani! Miaka kumi na mitano anawafundisha wenzake kufariji watu, leo yeye ndiye wa kumkanyaga mtoto wa watu palepale penye kidonda. Alimwonea Winnie huruma. Akaanza kushuka kwenda kwake, akasimama njiani. Arudi aseme nini? Lakini kukaa na mfiwa, hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Alichukua mkeka nyumbani, akarudi nao, akautandika mbele ya mlango wa Winnie. Akavua viatu, akajifunga khanga, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake msibani, jua la saa tano likimchoma utosini.

Sabina, muuza dagaa wa mtaa, akapita na beseni lake, akauliza msiba ni wa nani. Evelina akamjibu kwamba ni wa mtoto wa Winnie, kisha akafunga mdomo, jambo lililomshtua Sabina kuliko msiba wenyewe. Sabina alitaka kubisha kwamba kwa mtoto wa namna ile watu hawakai. Akamtazama mwenzake usoni, akatua beseni, akakaa. Wakaja wawili wa jumuiya, wakaja wengine. Jasuben, mke wa mwenye duka pale chini, ambaye si Mkristo, alipanda na chupa ya chai ya tangawizi akauliza akae wapi, nao wakasogea apate nafasi. Kufika saa saba walikuwa kumi na mmoja.

Mlango ukafunguka. Winnie akawatazama mmoja mmoja, akauliza wamemfuata nani.

"Tumekuja kumlilia mtoto," Evelina akasema. "Na mimi nimekukosea, mwanangu. Nisamehe. Nataka kumwombea, na hata jina lake sikukuuliza. Anaitwa nani?"

 Tangu Jumapili hakuna aliyekuwa amemuuliza Winnie hilo, hata hospitalini.

"Gladness."

Evelina akainamisha kichwa. "Bwana, mpokee Gladness, binti wa Winnie na Venant."

Winnie akashuka kizingitini. Wakamshika, wakamketisha katikati yao, naye akalia kwa sauti akimwita mwanawe kwa jina, na wote wakalia naye, Venant amesimama mlangoni akijifuta macho kwa kiganja. Chini barabarani watu walisimama, wakajua kwa Winnie kuna msiba. Alipochoka kulia akaomba chai. Jasuben akammiminia, naye akainywa yote, ameegemea bega la Evelina.